Kusoma Besi za DNA kwa Njia ya Vitundu: Msomaji Yupi Aaminiwe?



Msimu wa kupanda mihogo unapokaribia, hakikosekani chama kinachotaka kuwagawia wanachama wake pingili. Pingili hizo hutoka katika shamba fulani, na shamba hilo aghalabu huonekana safi kwa macho. Lakini muhogo ni mmea unaoweza kuficha maradhi yake. Virusi vya batobato huchukuliwa na inzi weupe kutoka shina hadi shina, na huchukuliwa na binadamu mwenyewe kutoka wilaya hadi wilaya, ndani ya pingili alizofunga kwa kamba akidhani anabeba mbegu njema. Chama kinachogawa pingili zenye ugonjwa huwa kimegawa njaa ya mwaka ujao, tena kwa fedha za wanachama wenyewe.

Si ajabu, basi, kwamba wajumbe wengi wamependezwa na habari za kile kifaa kidogo cha kusoma DNA, kinachotoshea katika kiganja cha mkono na chenye uzito usiofika nusu ya robo kilo. Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa ya watafiti wa Tanzania, Uganda, Kenya na nchi za ng'ambo waliokwenda nacho katika mashamba matatu ya mihogo, moja katika kila nchi ya hizo tatu za kwetu. Walifanya kazi kwa betri, bila maabara. Wakasoma DNA iliyotoka katika majani, mashina, mizizi na hata wadudu, na virusi vya batobato vikaonekana. Tangu kufika shambani hadi kupata jibu hazikupita saa tatu. Yafaa izingatiwe kwamba wao wenyewe waliliita jibu hilo la awali.

Neno hilo, la awali, ndilo kiini cha mazungumzo haya. Watu husema kifaa kile kinasoma DNA. Kwa hakika hakisomi. Kinapima umeme tu. Anayesoma ni programu ya kompyuta inayoutazama umeme huo na kuamua ni besi gani zilizopita. Programu hizo, ambazo hapa zitaitwa wasomaji, zimekuwa nyingi, na hazisomi sawasawa. Umeme uleule ukipewa wasomaji wawili, utatoka na maandishi mawili yanayotofautiana. Mkaguzi wa ushirika hahitaji kufundishwa hatari ya jambo kama hilo. Gunia moja likipimwa katika mizani miwili likatoa uzito wa aina mbili, kuna mtu anayepunjwa.

DNA ni uzi mrefu uliopangwa kwa besi nne: adenini, sitosini, guanini na timini, zinazoandikwa kwa herufi A, C, G na T. Kirusi cha batobato kina vipande viwili vya DNA vilivyofungwa kama pete, kila kimoja kikiwa na besi 2,700 hadi 2,800 hivi. Anayeupata mpangilio wa herufi hizo ameupata utambulisho wa kirusi, kama karani aliyeipata namba ya mwanachama katika daftari.

Fikra ya kuusoma uzi huo kwa kuupitisha katika kitundu iliandikwa mwaka 1989 na mtaalamu wa Marekani, David Deamer, katika daftari lake. Mwaka 1996 yeye na wenzake John Kasianowicz, Eric Brandin na Daniel Branton walionyesha kuwa nyuzi za aina hiyo huvutwa na umeme zikapita katika kitundu cha protini, na kila upitapo uzi mkondo wa umeme hupungua. Kampuni ya Oxford Nanopore ya Uingereza ilianzishwa mwaka 2005, na kifaa chake kiitwacho MinION kikaanza kufika mikononi mwa watafiti mwaka 2014.

Ndani ya kifaa hicho mna utando mwembamba uliotobolewa vitundu vidogo mno, na maji ya chumvi pande zote mbili. Mkondo wa umeme unapita katika vitundu hivyo. Uzi wa DNA unapoingia huuziba mkondo kwa kiasi, na kiasi hicho hutegemea besi zilizomo ndani ya kitundu wakati ule. Katika vitundu vilivyotumika tangu mwaka 2016 na miaka iliyofuata, uzi ulipita kwa mwendo wa besi 450 hivi kwa sekunde, na kifaa kilipima mkondo mara 4,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kila besi ilipata vipimo tisa hivi.

Kama mambo yangekuwa rahisi, kila herufi ingekuwa na kiwango chake cha umeme, na kazi ingekwisha. Lakini kitundu hakishiki herufi moja peke yake. Herufi kama tano au sita hukaa pamoja mahali pale pembamba, na zote huathiri mkondo. Herufi tano zaweza kupangwa kwa namna 1,024, na sita kwa namna 4,096, na nyingi katika namna hizo hutoa umeme unaokaribiana sana. Zaidi ya hayo uzi hauendi kwa mwendo mmoja: hukawia kidogo, kisha huruka. Ikija mistari ya herufi moja iliyorudiwa, tuseme A saba mfululizo, umeme hutulia mahali pamoja, na msomaji hana budi kukisia kwa muda uliopita kama zilikuwa sita, saba au nane. Mtu aliyesimama nje ya ghala, akisikia magunia yakiburutwa sakafuni na kutakiwa aseme idadi yake na zao lililomo, ana kazi ya namna hiyo.

Wasomaji wa kwanza walifanya kazi yao kwa hatua mbili. Kwanza waliukata umeme katika vipande, kila kipande kikihesabiwa kuwa ni hatua moja ya uzi. Kisha walikilinganisha kila kipande na jedwali la namna zote za herufi, wakitumia kanuni kwamba herufi tano za sasa lazima zishirikiane herufi nne na zile tano zilizotangulia. Hesabu hiyo huitwa modeli fiche ya Markov. Sifa yake ni kwamba jedwali lake liko wazi, na mtu aweza kulikagua. Kasoro yake ni kwamba vipande vikikatwa vibaya mwanzoni, makosa hayo hayarekebishiki mbele, kama hesabu ya mwezi iliyojengwa juu ya stakabadhi zilizokosewa. Tena hapo mwanzo umeme ulipelekwa kwa intaneti kwenye kompyuta za kampuni na maandishi yakarudishwa kwa njia hiyohiyo. Mahali pasipo na intaneti palibaki na kifaa kisicho na msomaji. Watafiti wa Toronto, Kanada, ndio waliotoa Nanocall, msomaji wa modeli hiyo aliyeweza kufanya kazi katika kompyuta ya mtu mwenyewe, na taarifa yao ilichapishwa mwaka 2017.

Mwaka huohuo wataalamu wa Bratislava, Slovakia, walichapisha habari za DeepNano. Huyu hakutumia jedwali. Alitumia mtandao wa neva, yaani hesabu inayofunzwa kwa mifano: huonyeshwa umeme pamoja na herufi zake sahihi, hukosea, husahihishwa, na hivyo hivyo mara nyingi, mpaka aweze kuusoma umeme asiopata kuuona. Alimshinda msomaji wa kampuni wa wakati ule. Kisha mwaka 2018 ukatoka Chiron kutoka Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, uliofuta kabisa ile hatua ya kukata vipande na kusoma umeme moja kwa moja. Kampuni nayo haikukaa kimya. Ilitoa Albacore, ikamwondoa na kumweka Guppy, na baada ya Guppy akaja Dorado.

Hapo ndipo swali la mkaguzi linapoingia. Kila mwenye kuunda msomaji husema msomaji wake ni bora. Nani ampime?

Kupima mizani hutaka jiwe ambalo uzito wake unajulikana, na tena jiwe hilo lisiwe la mwenye mizani. Mwaka 2019 Ryan Wick, Louise Judd na Kathryn Holt wa Melbourne, Australia, walichapisha ulinganisho wa Albacore, Guppy, Scrappie, Flappie na Chiron. Walitumia bakteria aitwaye Klebsiella pneumoniae, ambaye DNA yake walikuwa na maandishi yake sahihi kwa msaada wa njia nyingine ya kusoma. Hilo ndilo lilikuwa jiwe lao. Waliwapa wasomaji wote umeme uleule, wakahesabu makosa ya kila mmoja.

Jambo la maana zaidi katika kazi yao ni kwamba hawakupima kitu kimoja. Walipima vitu viwili, na anayesoma matangazo ya wasomaji yafaa aulize ni kipi kati ya viwili hivyo kinachotajwa. Cha kwanza ni usahihi wa uzi mmoja uliosomwa mara moja. Cha pili ni usahihi wa maandishi ya pamoja, yanayopatikana baada ya nyuzi nyingi za mahali palepale kulinganishwa na kila herufi kuamuliwa kwa wingi wa kura. Msomaji anayeongoza katika kipimo cha kwanza si lazima aongoze katika cha pili.

Sababu yake mpima mizani ataielewa upesi kuliko watu wengi wenye shahada. Mizani yaweza kukosea kwa namna mbili. Yako mizani ambayo sindano yake hutikisika: mara inazidisha, mara inapunguza. Gunia likipimwa mara kumi na wastani ukachukuliwa, makosa huuana. Na yako mizani iliyopinda upande mmoja, ambayo kila gunia huliibia kilo mbili. Hiyo hata ikipimia mara elfu, itaiba kilo zilezile mbili mara elfu, na daftari litaonekana safi kabisa kwa sababu vipimo vyote vinakubaliana.

Chukua hesabu hii. Msomaji anakosea herufi 1 katika kila 10, na makosa yake hayana upande. Nyuzi 11 za kirusi zikisomwa na kura ikapigwa kwa kila herufi, ili kura ipotoke lazima nyuzi 6 au zaidi zikosee mahali palepale. Hilo hutokea kama mara 3 katika herufi 10,000. Katika pete yenye herufi 2,800 kosa halifiki moja. Kwa hiyo msomaji anayeonekana hafai, akikosea kwa bahati tu, anaweza kutoa maandishi ya kuaminika mradi nyuzi ziwe za kutosha. Lakini msomaji anayekosea mara 1 katika 20, iwapo kila mara anakosea mahali palepale, atatoa maandishi ya pamoja yenye makosa yote hayo, hata akipewa nyuzi elfu.

Wataalamu wa Melbourne waliyakuta makosa ya namna hiyo ya pili, na walipoyafuata wakayaona yamejikusanya mahali maalumu. Bakteria wengi huweka alama ya methili juu ya herufi C katika maneno CCAGG na CCTGG. Alama hiyo ni sehemu ya maisha yao na haibadilishi herufi, lakini hubadilisha umeme. Msomaji ambaye katika mafunzo yake hakuiona alama hiyo ya kutosha huliona neno kama geni kila linapotokea, na kila linapotokea hukosea. Walipowafunza wasomaji upya kwa DNA ya bakteria wa jamii ileile, makosa ya mahali hapo yalipungua sana na maandishi ya pamoja yakawa bora zaidi. Walionyesha pia kuwa mtandao mkubwa wa neva husoma vizuri zaidi kuliko mdogo, ila huchukua muda mrefu.

Matokeo hayo yana pande mbili, na upande wa pili hausemwi mara nyingi. Msomaji aliyefunzwa kwa jamii fulani husoma vema jamii hiyo. Hakuna ahadi kwa jamii nyingine. Anayemsifu msomaji kwa kumpima juu ya DNA ileile aliyofunzwa nayo anafanya kama karani anayepima mizani yake kwa jiwe alilolichonga mwenyewe. Mihogo si bakteria. Mimea nayo huweka alama za methili katika DNA yake, tena mahali pengi kuliko maneno yale mawili. Ipo njia ya kuepa taabu hiyo, nayo ni kuifanyia DNA nakala katika maabara kabla ya kuisoma, kwa kuwa nakala hujengwa kwa besi tupu zisizo na alama. Lakini hiyo ni hatua moja zaidi ya kazi, na shambani kila hatua ina bei yake.

Kuhusu mwendo wa kusoma, hesabu moja yatosha. MinION ina njia 512 za kupimia. Zote zikifanya kazi kwa besi 450 kwa sekunde, umeme wa besi 230,400 huingia kila sekunde. Waandishi wa Chiron walisema msomaji wao, akitumia kompyuta ya mezani yenye kadi ya michoro, aliweza besi zaidi ya 2,000 kwa sekunde. Huo ni mwendo wa vitundu vinne au vitano tu. Kazi ya saa moja ya kifaa ingemchukua msomaji huyo siku kadhaa. Katika maabara ya chuo kikuu hilo laweza kuvumilika. Chini ya mwembe, betri ikipungua na mkulima akingoja ajue kama ang'oe au aache, halivumiliki. Wale watafiti wa mashamba matatu walibeba kifaa kingine kidogo, MinIT, kilichokuwa na msomaji ndani yake na kusoma papo hapo bila intaneti. Baadaye kampuni ikamtoa Dorado akiwa na viwango vitatu: cha haraka, cha kati, na cha polepole chenye usahihi mkubwa, na mtumiaji huchagua. Vitundu navyo vimebadilishwa; vile vya aina ya R10 vina sehemu mbili za kupimia badala ya moja, na hivyo vimepunguza ile taabu ya herufi zilizorudiwa.

Sasa, je, chama kinachotaka pingili kimtake msomaji wa haraka au wa polepole? Hakuna jibu moja, na anayetoa jibu moja hajauliza pingili zinakwenda kufanya nini. Wataalamu wa virusi vya jamii hii wamekubaliana kwamba viwili vikifanana kwa chini ya asilimia 91 katika pete ya kwanza, huhesabiwa kuwa spishi mbili. Uzi mmoja uliosomwa kwa makosa 10 katika 100 haufanani hata na kirusi chenyewe ulikotoka kwa kiwango hicho. Hata hivyo uzi huo ukilinganishwa na orodha ya virusi vinavyojulikana utaelekea kwa mwenyewe kuliko kwa jirani, kwa sababu makosa humweka mbali na wote. Kujua kama batobato imo au haimo, msomaji wa haraka anatosha.

Mambo hubadilika pale inapotakiwa kujua ni batobato ipi. Mwaka 1997 ilichapishwa kwamba kirusi kilichokuwa kikiangamiza mihogo ya Uganda kilikuwa ni mchanganyiko: sehemu ya DNA yake ilitoka kwa kirusi cha batobato ya Afrika, na iliyobaki kwa kirusi cha batobato ya Afrika Mashariki. Mchanganyiko wa namna hiyo hauonekani kwa kuuliza orodha tu. Lazima herufi zifuatwe hadi mahali mshono ulipo. Hapo nyuzi chache zilizosomwa haraka zaweza kuonyesha mshono usiokuwapo, au kuuficha uliopo. Kazi hiyo ni ya msomaji wa polepole, nyuzi nyingi, na maandishi ya pamoja.

Kuna tofauti nyingine ambayo katibu wa chama hana budi kuijua. Jibu la «batobato imo» na jibu la «batobato haimo» hayana uzito mmoja. Nyuzi chache za kirusi zikionekana, na ikiwa hazikuletwa na uchafu wa chombo, ugonjwa upo. Lakini kutoonekana kwaweza kuwa ni kwa sababu DNA ya muhogo ilikuwa nyingi mno na ya kirusi ilikuwa kidogo, au kifaa kilizimwa mapema, au nyuzi zilizosomwa vibaya zilitupwa na programu kabla ya kulinganishwa. Cheti kinachosema shamba ni safi bila kutaja idadi ya nyuzi zilizosomwa ni sawa na stakabadhi isiyotaja kilo.

Vilevile cheti kitaje jina la msomaji na toleo lake, kwa maana Guppy wa mwanzo na Guppy wa miaka miwili baadaye ni wasomaji wawili tofauti wenye jina moja. Kitaje ni kiwango gani kilichotumika kati ya vile vya haraka na polepole. Na maabara iulizwe kama imeutunza umeme wenyewe au imetunza herufi tu. Majalada ya umeme ni makubwa, hushinda ya herufi mara nyingi, na kishawishi cha kuyafuta kupata nafasi ni kikubwa. Lakini umeme ndiyo stakabadhi ya mwanzo. Mkulima akilalamika baada ya miezi sita kwamba pingili alizopewa zimeota batobato, umeme uliotunzwa unaweza kusomwa upya na msomaji bora zaidi, mradi awe amefunzwa kwa vitundu vya aina ileile, na ikajulikana kama kosa lilikuwa la msomaji au ugonjwa uliletwa baadaye na inzi. Zikiwa zimebaki herufi tu, hakuna kitu cha kusoma upya.